Njia ya Daladala ya kwa Ignas

Paskalia, mama Mihayo, alifundisha Kiswahili sekondari hadi akastaafu, na mtaani kwake, pembezoni mwa mji wa Shinyanga, watu walichunga ndimi mbele yake. Ukisema "naombaga maji", maji utapewa, lakini kwanza utasahihishwa.

Marehemu mumewe, Ignas, alikata kipande cha kiwanja chao akakiacha kiwe njia, akaotesha ua wa minyaa pande zote mbili. Kwa njia hiyo mtaa mzima ulikwenda sokoni na zahanati: akina mama na mabeseni yao kichwani, wanafunzi, na vijana wa daladala wakikanyaga pedali huku abiria wametulia kwenye keria. Watu waliiita njia ya kwa Ignas, na Paskalia aliposikia jina hilo midomoni mwa wapita njia alijiona bado ni mke wa mtu.

Mji ulipoanza kupimwa, vichochoro vikawa vinamezwa na kuta mpya. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, akaja na mpimaji kijana, Davis, aliyekuwa ametoka Dar es Salaam majuzi tu. Paskalia akasimama, kitenge kimenyooka.

"Ndugu mwenyekiti, ile ya kwa Ignas ni njia ya daladala tangu zamani. Tunaomba iingizwe kwenye ramani, daladala zipite bila bughudha."

"Daladala kabisa, mama?" Davis akauliza.

"Daladala, mwanangu. Kutwa nzima."

Watu wakapiga makofi. Davis akaandika.

Ramani ilipobandikwa, alama nyekundu za X zilikuwa tayari ukutani: moja kwenye ukuta wa nyumba ya Paskalia, nyingine kwenye jiko la jirani yake Vumilia, anayepikia watu chakula hapo. Ilikuwa inakuja barabara pana ya magari.

Vumilia alifika khanga kiunoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Basi Kiswahili chako cha shule kimenivunjia jiko. Wanasema barabara uliiomba mwenyewe."

Shemeji yake Herman, mdogo wa Ignas, akamvuta pembeni. "Shemeji, usikubali kosa. Sema katoto kale hakajui kazi. Ukoo wetu haujawahi kuchekwa mkutanoni."

Maneno hayo yalimwingia, kwa kuwa hata yeye alikuwa anayawaza. Akamfuata Davis njiani alipokuwa anapima.

"Nani kakuambia tunataka magari hapa?"

"Si wewe, mama? Haisi itapitaje kwenye uchochoro huu?"

"Haisi ya nini?"

"Ya daladala."

Kengele ikalia nyuma yao. Cornel, mmoja wa vijana wa baiskeli, akapita, amempakia mama Noela na gunia la mchele. Paskalia akamnyooshea kidole.

"Daladala ile pale."

Davis akatazama nyuma ya baiskeli, akitafuta gari. "Iko wapi?"

"Hiyo hiyo inayokwenda na mama Noela!"

Kijana akacheka mpaka akashika magoti. Paskalia hakucheka. Hapo ndipo alipoona kilichotokea: alikuwa amesema Kiswahili cha Shinyanga, akidhani anasema Kiswahili cha Tanzania nzima.

"Inabadilika," Davis akasema, akijifuta macho, "ila aliyeomba aseme mwenyewe mkutanoni. Tena hata ya baiskeli lazima ipanuke kidogo, watu wapishane. Minyaa ya upande mmoja itoke."

"Upande upi?"

"Hapo mtaelewana wenyewe."

Mkutano ulijaa kuliko ule wa kwanza; habari ilikuwa imeshatembea. Paskalia akasimama.

"Nilisema daladala, nikimaanisha baiskeli zetu. Mgeni akaelewa magari. Kosa ni langu, si la kijana huyu."

"Kumbe na mwalimu anakoseaga!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Anakosea," akajibu kwa mazoea, na mkutano ukaangua kicheko kilichochukua muda kuzimika. Akakingoja kiishe, shingo yake imenyooka vilevile. "Minyaa itakayotoka ni ya upande wangu. Jiko la Vumilia lisiguswe."

Herman akaruka. "Shemeji! Kile ni kiwanja cha kaka!"

"Na aliyeanza kukikata ni kaka yako. Unataka watu waseme njia aliifungua Ignas, ikaja kuwabomolea watu mikononi mwa mkewe?"

Herman akakaa.

Jumamosi alikuja na panga, amenuna, akafyeka minyaa utomvu mweupe ukichuruzika. Paskalia alikuwa anaburuta matawi alipomwona Vumilia anakuja na jembe begani.

"Mayu, mama yangu, usijiguse uso, utomvu huo unapofua," Vumilia akasema, akaanza kung'oa visiki bila kuombwa.

Hawajafika mbali, Cornel akatokea na abiria, akapiga kengele.

"Njia imefungwa leo?"

"Haijafungwa," Paskalia akasema, akisogeza tawi kwa mguu. "Shuka ukokote, baba. Na wewe dada shuka, utembee kidogo. Pita huku kwangu."