Wimbo wa Kumutoa Alphonse

Miye Mado nitaeleza mambo ya yaya yangu Albertine, dada yangu mukubwa, vile ilikuwa, na mwenye kukasirika akasirike.

Yaya aliimba Kilatini tangu ujana, hapa Lubumbashi, ku parokia yetu, yeye na bwana yake Alphonse, mwanaume wa treni, sauti nzito. Musifikiri ni muntu wa kukataa mambo mapya. Ngoma zilipoingia kanisani, njo yeye alicheza mbele. Kintu kimoja tu alikilinda: ule wimbo wa Kilatini wa kusindikiza maiti, wakati kwaya inatangulia sanduku mpaka inje. Aliuimbia bantu ba treni, bajane, hata batoto. Aliufundisha Godefroid pia, leo mukubwa wa kwaya. Alikuwa anakuja mu kiwanja chetu, na wakimaliza kuimba yaya anamupa bukari na mboga, anakula.

Alphonse alipokuwa karibu kwenda, aliomba jambo hilo tu. "Munitoe na ule wimbo." Ku kilio Godefroid alikuja, akamushika yaya mikono yote mbili.

"Mama, Baba tutamutoa na ule. Tuliza roho."

Misa ikaisha, babebaji bakainua sanduku. Yaya akasimama, kitambaa mukononi, anangojea. Godefroid akainua mukono, na klavie, kile kinanda cha umeme, ikalia. Kwaya yote ikaanza kucheza na kupiga vigelegele, sawa vile tuko ku ndoa. Yaya alijaribu kuimba peke yake. Sauti yake haikufika hata kwangu, na nilikuwa nimemushika mukono. Alphonse akatoka vile.

Nilimukamata Godefroid ku mulango.

"Mama Mado, Kilatini hakuna anayekijua tena," akasema. "Hata miye nimeshasahau."

Kofi lilifika mpaka ku vidole, nikajizuia juu ya heshima ya maiti. Yaya njo alimusamehe. Alisema muntu akisahau amesahau, utamufanya nini? Miye sikuweza, na sijaweza.

Sasa juzi parokia ilifanya jubile. Askofu akaja, na bageni na kamera zao. Komunyo ilipoisha, klavie ikanyamaza. Godefroid akasimama mbele ya altare, kanzu nyeupe imepigwa pasi, akaimba ule wimbo. Wimbo wa maiti, na maiti haiko. Aliuimba wote peke yake, anapumua palepale yaya alimufundisha kupumua. Hakukosa hata neno. Askofu akachekelea, bantu bakapiga makofi, na wenye kamera bakamusogelea karibu.

Yaya hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia mulango, pale tulimupitisha Alphonse. Nilifikiri atalia, nikatafuta kitambaa mu sakosi yangu ya begani. Hakulia.

"Mado," akaniambia polepole, "kumbe alikuwa anaujua."