Kaza Ajifunza Kulegeza

Mtaani walimwita Kaza. Alikuwa fundi umeme, na waya akiupitisha yeye unanyooka kama rula, kila kona imekunjwa ikakunjika, imebanwa ikabanika. Hasira zake nazo hazikukaa mbali, zilikuwa puani hapo.

Dada yake, msafishaji wa maabara za chuo kikuu, ndiye aliyemwombea kibarua pale. Walikuwa wanavuta nyaya za kupitisha mwanga, ndani uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ili picha za watafiti zisafiri chap chap. Dada alimwambia kabisa, ukiniaibisha hapa usinijue.

Siku ya kuwasha, laini ya maabara moja ikatambaa kama konokono. Mtafiti wa pale, mama mpole mwenye miwani, alikuwa na picha za mapafu ya wagonjwa za kuwatumia wenzake wa mbali, na mashine yake imeshafurika picha. Akauliza tu, labda tatizo ni waya? Kaza akapandwa na mori. Akamjibu kwamba waya wake haujawahi kulalamikiwa na mtu, akaangalie hayo makompyuta yake mabovu. Dada alikuwa mlangoni na dekio lake. Akainamisha kichwa.

Hapo Kaza akajua kazi imeota mbawa.

Fundi mkuu, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, hakugomba. Alichomeka kitochi chenye taa nyekundu kwenye ncha ya waya, akamwambia Kaza waufuate. Wakaufuata korido nzima. Kufika kona ya ngazi, ile Kaza aliyoikunja kwa madaha, waya wa njano ulikuwa unawaka mwekundu kama kaa la moto.

"Unaona, mwanangu? Mwanga unamwagikia hapa. Waya wa umeme unavumilia kukunjwa hivi. Kioo hakitaki."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Na mimi niliyepita hapa nikasifia. Haya, kata hivyo vibanio."

Kaza akakata. Akaulegeza waya, akauzungusha taratibu, wekundu ukafifia mpaka ukapotea. Kule maabara picha zikaanza kuondoka, zikafuatana, mtafiti akavua miwani akaifuta.

Sasa kasheshe ikawa kumkabili yule mtafiti. Kaza, mtu wa kubishana na refa hata kwenye mechi ya watoto, alisimama mbele yake mikono nyuma. Akasema waya ulikuwa wake, na mdomo ule pia ulikuwa wake. Mtafiti akacheka. Akasema kuna daktari huko anakotuma zile picha alikuwa hana raha kuzingoja, sasa anazo, ashukuriwe aliyelegeza.

Shangazi akamkabidhi Kaza kona zote za jengo azikague, eti hakuna atakayeziogopa kama yeye. Kaza akamshukuru, kisha akamfuata dada yake koridoni. Akabeba ndoo ya dada yake, akaenda kuimwaga mwenyewe.

"Leo hata maji yameshangaa kubebwa na wewe," dada akasema nyuma yake, anacheka huku anafuta macho.