Mama Yangu Aligeuzwa Mzigo wa Kupimia Gari

Admin, jina langu lifunike kabisa. Karatu ni ndogo, watu wanajuana hadi kwa magari.

Nina miaka 36, nimeolewa, watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa watalii, anapandisha wageni Ngorongoro. Ni mtu wa maneno mengi, anapenda kuchekesha watu, na kusema kweli hicho ndicho kilichonivuta kwake. Mama yangu mzazi ni mjane wa kijiji cha Qurus, ana mwili mkubwa na mguu mmoja unamsumbua. Tulimchukua akae kwetu awe karibu na kliniki, na kila Jumatano tulimpeleka kwa gari letu la nyumbani.

Gari hilo likaanza kugonga nyuma. Ukipita kwenye tuta, kong! kong! Mume wangu akabadilisha shokapu zote mbili za nyuma, kelele ikabaki vilevile. Cha ajabu, akiendesha peke yake gari lilikuwa kimya. Mama akipanda tu, linagonga. Ikawa utani wa nyumbani: "Gari linamkataa bibi yenu." Watoto wanacheka, mama naye anacheka huku anaangalia dirishani.

Jumatano moja tukitoka kliniki, mume wangu akatuingiza gereji. Fundi, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema kuna bushi, ile mpira inayozuia vyuma visigongane, imechoka, ila haitajionyesha mpaka gari lielemewe. Akataka kuazima gunia la vitunguu kwa jirani. Mume wangu akamzuia.

"Gunia la nini, mzee? Mzigo si huu hapa tumekuja nao?"

Fundi akasita. "Huyu si mkweo, bwana?"

"Ni familia, mzee. Mama, panda."

Mama akapanda. Fundi akiwa chini ya gari, mume wangu ndiye aliyekuwa akitoa amri. "Shuka. Panda tena. Kaa kushoto. Jirushe kidogo, mama!" Huku kwetu wapo wanaume ambao mpaka leo hawathubutu kula mbele ya mama mkwe. Huyu wangu alikuwa anahesabu kwa sauti mbele ya madereva wenzake, na wao wakaanza kuhesabu naye. Mara nane, na mguu ule mbovu, kitenge kinamvuka anakishikilia. Mara ya nane mama akauliza kwa upole, "Bado, baba?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Sitawadanganya kwamba nilijilazimisha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Bushi ilionekana, ya mkono wa nyuma kushoto, imepasuka, gari likielemewa chuma kinagonga chuma. Ikabadilishwa muda huohuo. Tulirudi nyumbani gari likiwa kimya kabisa, mama anaangalia dirishani.

Kesho yake alifunga nguo zake akarudi Qurus. Sasa kliniki anaenda kwa bodaboda, na Jumatano nyingine haendi kabisa, mguu umevimba hadi goti. Nilimwambia mume wangu atafute wazee wawili waende naye kuomba radhi, kama ilivyo desturi. Akanijibu, "Niombe radhi kwa kumpandisha mtu gari? Mwambie arudi, limepona." Anaisimulia kwa wageni wake hadi leo, kwa Kiingereza, na wanacheka.

Nikaona niende mwenyewe. Nilimkuta mama anachambua maharage, nikaanza kumlaumu mume wangu, nikamwita kila jina baya. Mama akaninyamazisha.

"Mwache mume wako. Yeye nilimpa binti yangu, sikumlea. Nilipokuwa kwenye lile gari nilikuwa nakutafuta kwa macho uniteremshe. Nikakuona umeshika mbavu."

Akaendelea na maharage yake.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkishamaliza, mnielekeze: kwa mume wangu najua pa kuwatafuta wazee. Kwangu mimi, kumwomba mama radhi niende na nani?