Mbolea ya Mdogo Wangu

Kwetu, mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikauza mifupa ya samaki ya kukaanga kule mtaani Obunga, Kisumu, ili mdogo wangu asome. Cheo pekee nilichopata kwa kazi hiyo ni kuwa wa kwanza kutia mbegu ardhini, na sikichezei.

Serikali haikijui cheo hicho. Tulijiandikisha kwa naibu wa chifu siku moja, mimi nikiwa mbele ya mdogo wangu kwenye foleni, lakini ujumbe wa mbolea ya ruzuku ukaingia kwenye simu yake. Yangu ikanyamaza. Akaenda ghalani Kisumu, akarudi na magunia kwa bodaboda, akayapanga sebuleni kama wageni wa heshima.

Mvua ikaanza. Shamba lake limelimwa, mbegu ipo, mbolea ipo, ila mimi sijapanda. Nangoja ujumbe.

"Omera, kaka yangu, chukua gunia moja kwangu, upande," akaniambia.

"Nipewe mbolea na mtu niliyemnunulia kaptula?"

"Ile kaptula ilikuwa na tundu."

"Ndiyo maana ulisoma vizuri. Ulikuwa unapata hewa."

Mkewe akatoa kichwa mlangoni. "Shemeji, kama serikali imekusahau wewe, sisi ndio tulale njaa?"

Majirani walikuwa wamemaliza kupanda, na udongo wetu mweusi ukizidi kuloa haushikiki. Mdogo wangu angeweza kupanda nikiwa sokoni. Ana diploma, nani angemzuia? Lakini kila asubuhi alikuja na jembe begani, akasimama kwenye mpaka wa mashamba yetu, akatazama mawingu, kisha akanitazama mimi. Hakugusa udongo. Angenitukana ningevumilia. Kile kimya chake ndicho kilichonishinda.

Nikachukua jembe na samadi ya mbuzi, nikapanda mistari michache.

"Haya, panda."

Kabla sijaosha miguu alikuwa ameshafika katikati ya shamba, mkewe nyuma yake akitupa mbolea kwa furaha ya mtu anayelisha kuku.

Mahindi yake yakatoka kijani cha kung'aa. Yangu yakawa kama wagonjwa waliotoroka wodini. Wakati wa palizi, ndipo simu yangu ikalia: mbolea yangu ya kupandia iko tayari.

"Ya kupandia!" shemeji akacheka hadi akakaa chini. "Sasa utayang'oa uyapande upya?"

Shida haikuishia hapo, kwa sababu mahindi mapya pia huonjwa kwanza na mkubwa, tena ya shamba lake mwenyewe. Yake yakakomaa, yangu bado yanafikiria. Watoto wake wakawa wanapita kando ya shamba la baba yao polepole, macho kwenye mahindi, mikono mgongoni.

"Omera," akasema mdogo wangu, "haya yako yataiva Krismasi."

Nikazunguka shamba langu hadi nikapata hindi moja lenye punje za kuonekana. Nililichomea jikoni kwake, familia nzima ikiwa imenizunguka. Nikatafuna taratibu, maana punje zilikuwa chache na watazamaji wengi.

"Meza basi, yawa, jamani!" shemeji akasema.

Nilipomeza, watoto walikuwa wameshafika shambani.