Hodi ya Saida

Saida wa Makunduchi alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Doha alipopata kazi ya pili: kuwa mtumwa kwa jioni moja. Mwaka 2014 jumba moja la makumbusho lilikuwa likitayarisha chumba cha giza ambamo wageni wangesikia sauti ya mwanamke aliyeuzwa Unguja zamani na kuletwa Ghuba. Cornelius, Mkenya aliyesimamia maonyesho, aliambiwa yupo mama mmoja mtaa wa Abu Hamour anayesimulia hata safari ya dukani watu wakasahau kuondoka.

Maandishi aliyompa Saida ayasome yalikuwa mafupi. Mwanamke alikamatwa, akapigwa, akauzwa, akalia.

"Huyu hana hata jirani," Saida alisema. "Kulia tu, juu mpaka chini. Hata ng'ombe hulia, mwanangu."

"Wageni wanataka kuguswa, mama."

"Waguswe na mtu basi."

Akamtengeneza mtu. Akampa dada mchokozi, wali ulioungua akasingiziwa paka, na tajiri aliyemnunua, anayekoroma kama jiwe la kusagia. Simulizi za waliowahi kuuzwa zimejaa ujanja huu: aliyepangiwa bei anamcheka mnunuzi, na msomaji anajikuta amechagua upande kabla hajaombwa. Saida hakuwa amesoma hata moja. Alitaka tu mwanamke yule apokelewe kama mtu, na mtu huanza kwa hodi.

Studioni akasema, "Hodi," akanyamaza. Fundi wa sauti, aliyetoka Kerala, akamtazama kupitia kioo. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kisha Saida akainuka, akatoka, makubadhi yake yakiburura sakafuni.

Cornelius alimkuta kwenye ngazi. "Mama, vipi tena?"

"Nimebisha mara tatu sijaitikiwa. Nijilazimishe kwa watu?"

"Ni rekodi!"

"Na yeye ni mgeni."

Ikabidi Cornelius aketi kando yake, aitikie. Baadaye, peke yake, akalikata kwenye rekodi lile neno "karibu" alilolisema, akazikata na hodi zote. Zilikula muda.

Chumba kikafunguliwa. Walinzi, wengi wao Wakenya na Watanzania, hawakudumu humo. Herbert, Mluhya mwenye kifua cha mlango, aliomba apelekwe lango la nje, juani.

"Boss, huyo mama anaingia tu. Uko peke yako, ghafla anakuongelesha shingoni. Kwetu anayeingia bila hodi ni polisi ama maiti."

"Ni spika, Herbert."

"Spika haipumui."

Cornelius akazirudisha hodi, na kimya baada ya kila moja. Mambo yakatulia. Mlinzi wa zamu aliitika "karibu" chini kwa chini, na mama akaendelea na paka wake.

Siku ya wageni wakubwa, walinzi waliamriwa wafunge midomo. Kanzu na suti zikajaa gizani.

"Hodi," ikasema sauti. Wageni wakatabasamu. "Hodi." "Hodi."

Kisha hakuna kitu. Kimya kikapita urefu uliorekodiwa. Fundi akaitazama mashine: inakwenda, taa ya kijani inawaka. Kilichosikika ni makubadhi, taratibu, yakielekea mlangoni.

Cornelius akakohoa mbele ya wakubwa wake.

"Karibu," akasema. Makubadhi yakasimama. "Karibu, mama. Pita ndani. Tupo."

"Ahsante," ikajibu sauti, neno ambalo Saida hakulirekodi. "Basi siku hiyo, wali ukaungua."