Dirisha la Sabhai

Mjini Shikarpur jua la saa nane mchana halipigi hodi. Linaingia tu. Watu hufunga milango, mbwa hujitia mitaroni, njia hubaki nyeupe na tupu. Wazee husema saa hiyo si ya walio hai. Sajan hakuyajali maneno hayo mpaka mkewe alipokufa.

Sajan ni msusi wa vitanda vya kamba. Shule hakuijua. Joto likianza huweka vitanda kando, akasuka mapazia ya khas, ile mizizi ya nyasi inayonukia kama udongo uliopata mvua. Pazia hutundikwa dirishani likamwagiwa maji. Upepo wa moto ukipita humo, unaingia ndani umepoa. Miaka yote yeye alisuka, na mkewe Sabhai alimwaga.

"Limelowa?"

"Limelowa."

Mapenzi yao yalikuwa hayo. Hawakuwa watu wa maneno.

Joto la mwaka jana lilimkuta Sabhai penye dirisha la magharibi, bakuli mkononi. Sajan alikuwa amelala. Alipoamka, pazia lilikuwa bado linadondosha na Sabhai amekaa chini, ameuegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto. Yeye alikuwa wa baridi.

Wakamzika. Kesho yake saa nane, Sajan akiwa peke yake chumbani, akasikia tone. Kisha jingine. Akainuka kutazama. Pazia limelowa chapachapa. Bakuli liko mahali pake, kavu.

Hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo alilala uso ukielekea dirishani, na kabla ya kufumba macho akauliza taratibu, "Limelowa?"

Hakujibiwa. Lakini lililowa.

Joto lilipokaribia tena akaja Hurmat, binti yao wa pekee, kutoka Karachi kwa mumewe, na mimba ya miezi saba. Kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mamaye mwanamke, mama awepo asiwepo. Mimba iliyotangulia ilimtoka mwaka jana, kwenye joto lilelile. Mkunga alimwambia wazi: akipikwa tena na joto atampoteza na huyu, na wa tatu asimtegemee.

Siku ya tatu Hurmat alitoka chumbani mchana, uso umempauka.

"Baba, mle ndani mna nini?"

"Mna nini?"

"Nimelala, mtu akaniwekea mkono tumboni. Mkono wa baridi. Kufumbua macho hakuna mtu. Hebu tazama nguo yangu."

Sajan akatazama. Kwenye kanzu, juu ya tumbo, kulikuwa na alama ya maji. Vidole vitano.

"Pazia linadondosha," akasema.

"Pazia liko ukutani, mimi niko kitandani! Baba, usinifanye mtoto. Mama alikufa akimngoja mjukuu. Aliyekufa akingoja haachi kungoja. Yule wa kwanza alinitoka wiki ileile tuliyomzika mama. Na huyu unataka amchukue?"

Sajan akakohoa.

"Ama uliondoe pazia ulifunge dirisha lile, ama narudi Karachi nikafie kwenye treni."

Kulifunga kwa matofali kungekifanya chumba kaburi. Kuliacha wazi bila pazia kungekifanya tanuri. Ikabidi aitwe Arbelo, fundi wa vioo mwenye duka ng'ambo ya njia. Akaja na vioo vyake kwapani, meno nje.

"Ami Sajan! Msusi wa khas leo anataka kioo? Basi kesho samaki atanunua mwavuli."

"Acha maneno. Kuna kioo kinachozuia joto?"

"Kipo na hakipo. Kioo cha kawaida upande wa magharibi ni sufuria tu, mtaiva humu. Cheusi nacho kinakunywa joto halafu kinawatapikia ndani. Chukua hiki. Tabaka mbili, katikati hewa kavu imefungiwa. Na kimepakwa utando, mwembamba kuliko pumzi. Mwanga unapita, joto linarudishwa lilikotoka."

"Fremu ya alumini?" akauliza Hurmat.

"Ah, dada! Alumini inapitisha joto kama mmbea anavyopitisha habari. Mbao yenu hii ya zamani bado nzima, nitakitia humo humo. Na mbawa zifunguke. Jua likizama, umeme ukikatika, mfungue mpate hewa."

Sajan akakipapasa kioo. "Huo utando siuoni. Kisichoonekana huuzwa na matapeli."

Arbelo akacheka, akawasha njiti ya kibiriti, akaileta karibu na kioo. Ndani yake zikawaka ndimi nne za moto, moja nyuma ya nyingine. Tatu za manjano. Moja ya zambarau.

"Hiyo ya zambarau ndiyo utando. Ya pili kutoka upande wa jua, na ndipo panapotakiwa hapo. Akikuuzia mtu kioo zikawaka zote rangi moja, mkimbize."

Akaipuliza njiti. Ndimi tatu zikazimika. Ile ya zambarau ikabaki.

Ikabaki muda wa pumzi moja, njiti ikiwa nyeusi mkononi mwa Arbelo. Kisha ikainama upande, kama iliyopulizwa na mdomo mwingine, ikafa.

Arbelo akaitazama njiti. "Macho yangu haya," akasema. "Jua limeyaharibu." Akapima dirisha mbiombio, na chai hakuingoja.

Kioo kikatiwa. Pazia likakunjwa, likasimamishwa pembeni. Saa nane ya kwanza chumba kilitulia, na Hurmat alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu aje. Sajan hakulala.

Alisikia maji. Nje, juu ya kioo, kama mtu anayechota kwa kiganja na kurusha. Pwaa. Kimya. Pwaa. Akasogea kutazama. Kioo kilikuwa kikavu, na nyuma yake ua mweupe kwa jua, hakuna kitu. Pwaa.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu sauti ilikuja polepole, kama ya mtu aliyechoka mkono. Sajan akaona hawezi. Amefanya kazi na mwanamke yule umri mzima, leo amemfungia nje na bakuli lake, hana hata pa kumwagia.

Hurmat aliposinzia, mzee akalichukua pazia, akalitundika pale lilipotundikwa miaka yote: ndani, usoni pa dirisha. Akalimwagia maji. Akakaa. Moyo ukamtulia.

Hapo ndipo alipokosea. Khas huishi kwa upepo, na kioo hakipitishi upepo. Mkono wa msusi ulijua pa kutundika, kichwa hakikuuliza. Pazia likakauka upesi mno, likaanza kunuka kama mkate ulioungua. Umeme ukakatika, feni ikasimama.

"Baba." Hurmat alikuwa ameketi, midomo mikavu, mikono yote miwili tumboni. "Hachezi. Tangu nimeamka hachezi. Amemchukua."

Sajan akatoka hadi njiani akipiga ukelele. Wa kwanza kufika alikuwa Arbelo, akaingia, akasimama mlangoni kama aliyepigwa kofi.

"Ami! Umefanya nini! Jua likishapita kioo limeshakuwa la kwenu, halitoki! Kivuli hukaa nje, nje ya kioo! Lete maji, mlowanishe dada kichwa. Na hili dude, toa!"

Akalinyofoa, akamtupia. Sajan akalibeba mpaka uani, jua likimshukia kama mchanga wa moto, akalitundika kwenye misumari ya boriti mbele ya kioo. Chumba kikaingia kivulini. Bakuli alikuwa nalo mkononi, lakini maji yote yalikuwa yamebaki ndani, kwa Hurmat. Akasimama. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mkewe kwa mkupuo mmoja.

"Sabhai. Zamani ndani palikuwa pako. Sasa ni pa mtoto. Ukimgusa kwa kumtaka, tutamkosa kama tulivyomkosa yule. Kazi yako iko huku nje. Nitakaa nawe. Mwaga."

Ua ulikuwa kimya. Hata nzi hakuwapo.

"Limelowa?" akauliza.

Tone. Juu kabisa, kwenye boriti. Kisha maji yakashuka kwenye mizizi kutoka juu hadi chini, bila haraka, kama alivyomwaga yeye daima, na harufu ya mvua ikapanda. Sajan akalitazama bakuli mkononi mwake. Kavu.

"Baba!" Hurmat aliita kutoka ndani, analia na kucheka. "Amenipiga teke! Baba, anacheza!"

Tangu siku hiyo saa nane ilimkuta mzee ameketi uani kando ya pazia, kitambaa kichwani. Majirani wakasema kifo cha mke kimemtia wazimu. "Ami, unakaangwa," Arbelo alimpigia kelele kutoka dukani. Sajan alimpungia mkono tu. Hurmat hakuguswa tena.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Wakamwita Sabhai, jina lisibaki bila mtu.

Arobaini ilipokwisha akaja mume wa Hurmat kuwachukua. Kwenye kituo cha treni Hurmat akamwinamishia mzee kichwa cha mtoto ambusu. Sajan akabusu, akasita.

"Umemwosha na nini?"

"Maji tu, baba. Kwa nini?"

Utosi wa mtoto ulinukia udongo uliopata mvua.

"Nendeni salama," akasema.

Saa nane alikuwa uani. Akauliza kama kawaida. Pazia likachakarika kwa upepo, kavu. Akangoja mpaka jua likazama. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata akajaza bakuli, akamwaga mwenyewe, na nyuma ya kioo chumba kikapoa, hakuna aliyelala humo.

Baada ya juma moja simu ikalia.

"Baba, hapa kwetu ni ghorofa ya tano, hakuna awezaye kufika dirishani kwa nje. Lakini kila saa nane kioo kinalowa. Kwa nje. Majirani wanaungua, mwanangu analala fofofo, hana hata jasho." Akashusha sauti. "Naogopa. Nikifute?"

Sajan akatega sikio. Kwenye simu, nyuma ya pumzi za mtoto, alisikia tone. Kisha jingine.

"Usifute," akasema. "Nipe vipimo vya dirisha. Nitakusukia pazia la nje."