Mshale wa Kwenda Shambani

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa shemeji wa mtu aliyekuwa akilima shamba letu la Kizuka. Hilo lilinitosha kutomwamini hata aliposema moja na moja ni mbili. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania, tumepanga chumba Rumonge mjini, na mama alikuwa akisubiri wazee waende kukagua mpaka wa shamba. Ushahidi wetu ulikuwa michikichi mitatu aliyopanda babu. Mama alinionya nisimwambie mtu ilipo, kwani wakiikata, hatuna letu.

Siku hiyo mwalimu akatugawia karatasi za miraba mezani.

"Muchore mushale kutoka ku shule mpaka ku shamba yenu," akasema. "Hiyo ni vekta. Kisha muizidishe na moins deux."

Damu ikanichemka. Vekta gani hiyo inayotaka kujua shamba letu? Wenzangu walichora bila wasiwasi, wajinga wale. Mimi nilijua njia ya kweli: miraba minne mashariki, sita kaskazini. Nikaamua kudanganya. Nikaugeuza mshale, nikaukata nusu: miwili magharibi, mitatu kusini, ziwani kabisa. Akitaka, akaitafute michikichi kwenye dagaa.

Nikajiona mjanja. Nikazidisha kwa hiyo moins deux yake, hasi mbili, upesi upesi, kama alivyotufundisha: mbili inaurefusha mshale, hasi inaugeuza. Nilipoinua kalamu nikahesabu miraba. Minne mashariki, sita kaskazini. Uongo wangu ulikuwa umenirudisha moja kwa moja kwenye michikichi ya babu. Nilianza kufuta kwa kidole chenye mate, lakini mwalimu alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

Aliutazama mshale mfupi uliozama ziwani, kisha ule mrefu. Akacheka kidogo, akanipa alama zote, akainama.

"Ambia mama yako, miti yenu iko, yote tatu. Nimepita huko asubuhi."

Niliona aibu, na bado sikumwamini. Mwenye nia ya kukata angesema nini kingine?

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Hakunigombeza. Kesho yake alfajiri alijifunga kitenge, akakodi baiskeli, akaenda Kizuka. Alirudi jua likiwa kali.

"Ipo, mama?"

"Ipo yote." Akakaa mlangoni bila kuvua viatu. "Mtu amefyeka majani kuizunguka, vizuri kabisa. Sasa sijui ametusafishia sisi, mwanangu, au amesafishia shoka."